Nyumba Tuliyosema Tunaitunza

Ganshoren, Brussels, Jumamosi jioni

Neema wangu,

Wewe uko Matonge, umekaa kwenye kiti cha saluni tangu saa sita mchana, na kichwa chako kiko mikononi mwa wanawake wawili wanaosuka na kusengenya kwa pamoja. Nimefurahi umechagua misuko midogo midogo, ile inayokula siku nzima, kwa sababu nahitaji muda. Nimekaa jikoni. Sanduku lako liko mlangoni, na sote wawili tunajua kwamba mama yako ameficha samaki wakavu katikati ya masweta yako, na kesho abiria wote wa treni watajua pia. Kuhusu koti, dawa ya kikohozi, kanisa la kusali na wavulana wa kukwepa, amekwisha kukuambia mara nyingi kuliko rozari. Sina cha kuongeza.

Nina jambo moja tu, na ni la aibu. Nalisema mapema usije ukadhani nakuandalia mawaidha. Yule rafiki yangu, Tonton Déo, atakayekungojea kesho kwenye stesheni ya York, Uingereza, nilimkana. Na nyumba yake, ile unayosema kila mahali kwamba nilimtunzia wakati wa vita, sikumtunzia. Niliichukua.

Basi, limetoka. Nimeacha kalamu, nimekunywa maji, nimerudi.

Unakumbuka Jumapili iliyopita, baada ya misa, walipokuandalia ile sherehe ya kukuaga ukumbini. Ulisimama na gauni la mama yako lililopunguzwa kiunoni, ukasema bila karatasi: "Papa yangu, wakati batu bote banachagua kambi, yeye hakuchagua. Alichunga nyumba ya rafiki yake mpaka siku ya mwisho. Njo maana miye ninaenda kusoma histoire." Watu wakapiga makofi, wanawake wakapiga vigelegele, na mzee mmoja, tonton aliyekwisha kunywa kidogo, akaja kunikumbatia. Mimi nikainamisha kichwa. Nikasikia mtu nyuma yangu akisema, "Ona, hapendi bamusifu." Neema, ile haikuwa unyenyekevu. Nilikuwa natafuta pa kuweka macho.

Alhamisi, Tonton Déo akapiga simu. Ulijua amepiga, ulirukaruka hapa sebuleni kwa furaha, lakini hukusikia alichoniuliza. Alikuwa ameambiwa na mtu wa parokia kwamba binti yangu anakwenda kusoma katika mji uleule anamoishi yeye. Miaka yote hii sikuwahi kuisikia sauti yake, nikaitambua kabla hajataja jina.

"Anselme? Sema kwa nguvu. Sikio ya kushoto haisikie."

Nikapaza sauti. Tukaulizana habari za wake zetu, za baridi, za kazi. Anafanya kazi kiwandani, usiku. Akasema, "Mutoto atafikia kwetu mpaka apate chumba. Madame ameisha kutandika kitanda." Kisha nikajua swali linakuja, maana Déo alikuwa mwalimu wa hesabu na hakuwahi kuruka hatua.

"Anselme. Mutoto anajua?"

Ulikuwa umekaa kwenye zulia, unapanga vitabu vyako kwenye boksi la ndizi. Nilikutazama.

"Anajua."

"Yote?"

"Yote."

"Bon. Alors, mi nitamungojea kwa gare."

Nadhani nimemwelewa. Hataki kukudanganya ndani ya nyumba yake, na hataki awe yeye wa kunivua nguo mbele ya mwanangu. Nami nikamjibu kwa uongo mwingine. Mtu unaweza kufikiri kwamba baada ya yote niliyomfanyia, uongo mmoja zaidi haungenilemea. Umenilemea tangu Alhamisi.

Sasa nikueleze ilivyokuwa, na nitaanzia darasani, kwa sababu ndipo ilipoanzia.

Unajua kwamba kule Kivu nilikuwa mwalimu wa historia kwenye shule ya mapadre, na unajua pia kwamba nilijiona hodari. Vitabu vyetu vilitoka huku Ubelgiji, vimechakaa, vimekosa kurasa, na vilisimulia mambo ya Ulaya kana kwamba watoto wa ziwa Kivu watakuja kuulizwa habari hizo na Mungu mwenyewe. Somo nililolipenda kuliko yote lilikuwa lile la vita vya Waingereza, Vita vya Mawaridi Mawili, jekundu na jeupe. Nililipenda kwa sababu wanafunzi walilielewa upesi kuliko mapinduzi ya Ufaransa. Mfalme dhaifu, anayepotewa na akili miezi na miezi. Matawi mawili ya ukoo mmoja yanagombea kiti. Mabwana wakubwa wamerudi kutoka vita walivyoshindwa ng'ambo, pamoja na askari wasiojua kazi nyingine. Kila bwana anawapa watu wake nguo na alama ya kuvaa, na ukivaa alama ya mkubwa hakuna hakimu anayekugusa. Nilipofika hapo wanafunzi walicheka, wakatazamana. Walijua ninazungumza habari gani.

Mwaka mmoja nikabuni jambo. Nilipasua shuka kuukuu la mama yako na pazia jekundu la bwenini, nikakata vitambaa vya kufunga mkononi. Wekundu upande huu, weupe upande ule. Siku ya kwanza niliwagawa kwa kufuata safu za madawati. Siku ya pili waliomba wachague wenyewe, nikakubali. Juma lilipokwisha, weupe wote walikuwa watoto wa wale waliojiita wenyeji, na wekundu wote walikuwa watoto wa wale ambao mikutanoni walikwisha kuanza kuitwa wageni, ingawa babu zao wamezikwa palepale. Hakuna aliyewapanga. Niliona, Neema. Niliona nikafurahi, maana darasa langu halikuwahi kuchangamka vile.

Déo alikuwa préfet, yaani mkuu wa shule. Alipita, akasimama mlangoni, akaninong'oneza, "Anselme, kusanya bile bitambaa."

"Ah, préfet, ni muchezo tu."

"Njo maana. Kusanya."

Nilisema nitavikusanya muhula ukiisha. Nilimwona ana wivu, kwa sababu hesabu haikuwahi kupigiwa kelele za shangwe namna ile. Na ngoja nikuambie kitu ambacho hata mama yako sijamwambia. Nilikasirika pia kwa sababu Déo mwenyewe alihesabiwa kwa wale wekundu, nikajiambia, huyu naye anatetea watu wake. Nilikuwa nimekwisha kuvaa kitambaa, ila hakikuonekana bado. Sikuvikusanya.

Mambo yalipokuja kuharibika mjini, wewe ulikuwa kwa bibi yako kijijini. Vijana waliweka magogo na mawe barabarani, barrière kila njia panda. Mimi na Déo tulikuwa tunarudi kutoka shule pamoja, kama siku zote, maana tulikaa jirani. Kwenye njia panda ya sokoni tukawakuta, na wote wamefunga vitambaa vyeupe mkononi. Aliyekuwa akiwaongoza nilimfundisha mimi. Alikuwa akikaa dawati la mbele, akiandika vizuri.

"Mwalimu, bonjour! Ona, tulichunga bitambaa byako. Leta mukono."

Nikatoa mkono. Akanifunga kwa adabu, polepole, kama mtu anayefunga kidonda. Kisha akamwangalia Déo.

"Na huyu? Muko pamoja?"

Lilikuwa swali dogo. Hakunitishia. Hakuinua hata sauti. Sijui angenifanya nini ningejibu ndiyo. Labda asingenifanya lolote, nilikuwa mwalimu wake. Nimejiuliza hilo hapa Brussels kila siku nikipanda tramu, na jibu linabadilika kila siku.

Nilisema, "Hapana. Tumekutana tu hapa kwa njia."

Sasa sikiliza alichofanya Déo, kwa sababu hiki ndicho kinachoniamsha usiku. Hakunikasirikia. Hakunitazama hata. Alihamisha mkoba wake kutoka bega moja hadi jingine, akasogea pembeni kidogo, mbali nami. Alisogea ili uongo wangu ufanane na ukweli, nipite salama. Nami nikapita.

Petro aliwikiwa na jogoo. Mimi nilisikia muziki wa baa ya pale njia panda, watu wakiendelea na bia zao, halafu nikasikia kelele nyingine, nikaongeza mwendo. Walimpiga. Jioni padri mmoja alimwokota, akamvusha ng'ambo ya mpaka usiku uleule pamoja na mkewe na binti yao. Ndiyo habari ya sikio lake. Wahenga walisema sikio la kufa halisikii dawa. Mwenye kukataa dawa nilikuwa mimi, na sikio lililokufa likawa lake.

Ningeishia hapo, ningekuwa mwoga, na waoga ni wengi, tunaweza kujaza mabasi yote ya mji huu. Lakini sikuishia hapo.

Kiti cha préfet kilikuwa wazi, wakanipa, nikakaa. Kisha ile nyumba. Haikuwa ya shule. Aliijenga mwenyewe, tofali kwa tofali, akiomba mchanga huku na mawe kule. Niliambiwa vijana wanaitaka. Nikajiambia, heri mimi kuliko wao, siku akirudi ataikuta salama. Huo ndio wimbo niliomwimbia mama yako na nikakuimbia wewe uliporudi kutoka kijijini: Tonton amehamishwa, ametuachia nyumba tumtunzie. Ulifurahi sana. Ulipata chumba chako mwenyewe, chenye dirisha la kutazama ziwa. Hadi leo ukitaka kusema kitu ni kizuri unasema kizuri kama dirisha la kwetu. Neema, lile dirisha lilikuwa la binti yake. Kitanda pia.

Mama yako hakuimeza hadithi. Mwezi mzima alikataa kulala kwenye kitanda cha wenyewe, akatandika mkeka chini, na mimi nikalala juu kama bwana. Wewe ulidhani mgongo unamuuma.

Baadaye akaja mtu kutoka ng'ambo ya mpaka, ametumwa na Déo. Hakudai nyumba. Aliomba cherehani ya mkewe tu, apate kushona huko kambini wapate chakula. Nikamwambia yule mtu kwamba vitu vyote viliporwa. Nilimwambia hivyo nikiwa nimesimama barazani, na mlango wa nyuma yangu umerudishwa nusu, na cherehani ilikuwa chumbani. Mama yako alikuwa ameitumia kukushonea sare ya shule. Ile sare ya bluu uliyopigia picha, ile picha iliyo juu ya televisheni.

Sasa unaelewa kwa nini sipendi picha ile.

Vita vilivyofuata vilikuja na watu wengine wenye alama nyingine, nyumba ikachomwa moto, na sisi tukakimbia tulivyokuwa. Hapo ndipo nilipojifunza jinsi mtu anavyotembea asijue nani analala kitandani kwake. Lakini hata hilo sikulitumia vizuri. Nililitumia kujihesabia kwamba nimekwisha kulipa. Mtu hulipa kwa aliyemkosea, halipi hewani.

Majira ya baridi yaliyopita, ulipoanza kusoma kwa ajili ya huko uendako, ulinipa mafunzo mezani bila kujua. Kwanza ulinicheka. "Papa, bale batu habakujua kama banapigana vita ya maua! Ile jina ilikuja kisha." Ukanieleza kwamba alama zao zilikuwa nyingi, za wanyama na vinginevyo, na kwamba ni washindi na waandishi wa baadaye waliopenda kupanga yote kwa waridi hili na waridi lile. Uma wangu ulisimama hewani. Kumbe hata somo lenyewe halikuwa sawa. Niliwagawa watoto wa watu kwa rangi mbili ambazo wenye vita vyao wenyewe hawakugawanyika nazo hivyo.

Kisha ukatusimulia habari ya yule bwana mkubwa aliyekuja na jeshi lake kwenye pigano la mwisho, akasimama kando akingoja aone nani anashinda, ndipo akashuka. Ukasema alipewa cheo kikubwa baadaye. Ukauliza, "Muntu kama ule, analalaka namna gani?" Nikakujibu, "Analala vizuri tu." Ukacheka, ukadhani natania.

Lakini lililoniua ni lile jingine. Ulisema wafalme hawakuvutii. Ulisema tauni ilikuwa imeua watu wengi zamani kidogo, vibarua wakawa adimu, watumwa wa mashamba wakaanza kudai ujira na kuhama, na kwamba mjukuu wa mkulima wa jembe aliweza kuwa hakimu mwenye ardhi. Halafu vita vikaja, na aliyeshindwa aliitwa mhaini kwa sheria, mali yake ikachukuliwa, wakapewa wengine. Ukasema, macho yanang'aa, "Miye sitaki bafalme. Ninataka kujua, vita ikiisha, nani analala mu kitanda ya ule alikimbia?" Mama yako akainuka, akaenda kuosha sahani iliyokuwa safi.

Wewe, mwanangu. Wewe ndiwe uliyelala. Na huna kosa lolote, ulikuwa mtoto, ulilala pale ulipolazwa na baba yako. Naomba sana hili ulisome mara mbili. Aibu hii ni yangu peke yangu, usiibebe kwenye sanduku lako, samaki wanatosha.

Sina hekima kubwa ya kukupa kutokana na haya. Nimejifunza mambo mawili matatu, nayo ni madogo. Nilidhani siku ya kujaribiwa nitaijua, kwamba itakuja na ngoma. Ilikuja na kijana mwenye adabu na swali la maneno mawili. Nilidhani pia kwamba uovu ni kufanya. Sikujua kwamba ukikaa vizuri kwenye kiti cha mtu, kinakuzoea. Na utakapowasoma hao watu wako wa zamani, waliobadili upande, waliochukua mashamba ya majirani, usiwahukumu upesi, kila mmoja alikuwa na mtu nyumbani anayemsubiri na chakula. Lakini usiwasamehe upesi pia, hasa si kwa ajili yangu. Najua moyo wako. Utataka kunitafutia udhuru. Acha kwanza.

Nilikuwa nimepanga kuificha barua hii chini ya sweta, uisome ukiwa umefika. Mama yako alinikuta asubuhi nikipima nafasi. Hakupandisha sauti. "Ukiiweka mu valise, njo kusema unamukimbia tena muntu kwa njia." Hana haja ya kusema mara mbili, mama yako. Kwa hiyo nitakupa mkononi, leo hii, ukirudi na kichwa chako kipya kinachovuta na kuuma. Utaisoma nikiwa chumba cha pili. Huenda usiku huu usitake kula nami. Huenda kesho ukamwambia mama yako akupeleke stesheni ya Gare du Midi peke yake. Naogopa hilo kuliko nilivyoogopa pale njia panda, lakini safari hii sitaongeza mwendo. Nitakaa kwenye kiti hiki hiki, na ukitaka kunitukana njoo unitukane.

Usimwombe Déo msamaha kwa niaba yangu. Huo si mzigo wa kumtuma mtoto. Nitampigia mwenyewe kesho kabla treni yako haijatoka, nimwambie kwamba Alhamisi nilimdanganya, na kwamba ulijua Jumamosi. Akisema hataki kukupokea, atakuwa na haki, nami nitatafuta njia nyingine. Akisema njoo, nenda. Binti yake atakuwa na umri kama wako. Akikuuliza juu ya dirisha lile, mwambie ulilipenda. Ni lake, ana haki ya kusikia kwamba lilipendwa.

Nasikia lifti. Sijui kama ni wewe. Jirani wa juu naye hurudi saa hizi. Niharakishe.

Nilisema sina maagizo, lakini ninalo moja, nalo mama yako hawezi kukupa kwa sababu halijui. Déo aliniuliza kama unajua, nikamjibu unajua. Sasa unajua. Kesho ukitembea naye kutoka stesheni, kaa upande wake wa kulia. Ndiko anakosikia.

Papa